Wasiwasi Unaofika Nyumbani

Maswali yalitoka Dar es Salaam, yametafsiriwa kutoka Kiingereza, ya kupima jinsi kazi inavyowaelemea wafanyakazi. Mimi, Batuli wa Gongoni, nilitumwa kuyapima hayo maswali yenyewe: mfanyakazi hajibu, ananieleza tu kwa maneno yake ameelewa nini. Mwaka huo wa 1972 nilianzia kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, upande wa Nzega.

Msimamizi, Ndugu Shomari, alikataa kuniacha peke yangu na wafanyakazi. Alivuta kiti nyuma yangu, akakaa akichokonoa meno. Watu wa namna hiyo hunipandisha damu, lakini nilikuwa mgeni, nikajikaza.

Akaingia Masolwa, wa mashine ya misumeno inayotenganisha nyuzi na mbegu. Mwanzoni mwa msimu mashine hiyo ilimkata mwenzake Yahaya vidole, na tangu hapo Shomari alikuwa ametangaza kwamba mwoga hana kazi pale. Wote walijua hatanii.

Nikasoma: "Je, wasiwasi wa kazi hukufuata hadi nyumbani?" Kisha nikamkumbusha, "Usijibu. Niambie tu linauliza nini."

Masolwa alifikiri, mikono mifukoni. "Linauliza kama mtu akifika nyumbani, akaletewa mwanawe ampakate, anakataa. Mikono inatetemeka. Anaogopa atamwangusha."

Nilifurahi kama mjinga. Swali lilikuwa limeeleweka sawasawa.

"Mtu gani huyo?" Shomari akauliza.

"Wa kwenye swali, ndugu."

"Basi ajibu yeye. Ndiyo au hapana. Andika, binti."

"Ndugu, utaratibu hauruhusu..."

"Ndiyo au hapana!"

"Hapana," Masolwa akasema.

Ilikuwa saa ya chakula. Leonia, mkewe Masolwa, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli, mtoto mgongoni, na maneno yote ameyasikia. Shomari alipomwona akacheka.

"Shemeji, karibu. Hebu mpe baba yake ampakate, tumalize ubishi."

Nilitamani Leonia akatae, aseme mtoto ana homa, aseme lolote. Leonia akaweka bakuli chini, akafungua kanga, akamnyooshea mumewe mtoto. Masolwa hakutoa mikono mifukoni. Mtoto akaanza kulia.

"Kumbe sababu ndiyo hii?" Leonia akasema. "Mimi nikadhani humtaki kwa kuwa ni wa kike. Nimeshamwita kaka aje anichukue Jumapili."

Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama. Masolwa yeye alimtazama, tena muda mrefu, kama vile Shomari hayupo. Halafu akaitoa mikono. Ilitetemeka mbele yetu sote, naye hakuificha tena.

"Andika ndiyo, dada," akaniambia.

Nikaandika. Shomari akainuka, akatoka uani kutafuta mtu mwingine wa kushika mashine.