Twende Zetu, Shangazi

Tangu aolewe na Muhsin, miaka ishirini na ushei, Mardhiya hajapata kulala na mumewe nyumba isiyo na mtu wa tatu. Kwanza alikuwapo mama mkwe, Mungu amrehemu. Wakafuata mashemeji kutoka Pemba, mmoja akitoka mwengine anaingia, na katikati yao watoto. Ile fleti yao ya Barking, huko ughaibuni, haikukosa mtu wa kulala sebuleni. Sasa mashemeji wana kwao, na kitinda mimba kenda chuo kikuu. Mardhiya akaomba ruhusa kazini, akakodi kijumba cha mawe huko Cotswolds, mashambani, Ijumaa mpaka Jumapili. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na malisho ya kondoo nje ya dirisha.

"Kondoo?" Muhsin alishangaa. "Tufunge safari kwenda kutazama kondoo?"

"Tunakwenda kutazamana sisi. Kondoo wakitaka watutazame."

Muhsin akacheka, akaridhika. Ila akasema lazima kwanza wakamuage shangazi yake, Bi Sundus, huko Harrow, upande wa pili wa mji.

"Siku mbili tu, Muhsin. Si Hija."

Lakini alijua anabishana bure. Kwao mtu hasafiri bila kuaga wakubwa zake, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda kunywa chai mbele ya kondoo. Basi Jumapili ya kabla ya safari wakapanda treni mpaka Harrow.

Bi Sundus, mjane mwenye macho makali na ulimi wa asali, aliwapa vitumbua, akauliza habari za kila mtu mpaka wa ukoo wa mbali. Akaelezwa safari, akaiombea dua. Wakainuka. Muhsin alipokwisha vaa viatu, mkono uko mlangoni, akasema kama asemavyo kila muungwana anayeaga:

"Haya, twende zetu, shangazi."

Neno hilo ni la adabu tu. Ni kama karibu ya mtu aliyekaa kula: unaitika ahsante, unapita zako. Hakuna mtoto wa Kipemba asiyejua.

"Haya," akasema Bi Sundus. "N'takuja. Huko mablanketi yapo, au nije na langu?"

Mardhiya akamtazama mumewe, akingoja aseme neno.

"Yapo, shangazi," Muhsin akajibu.

Yapo! Ama kweli mdomo uliponza kichwa.

Ndani ya treni Muhsin alijitetea. "N'tamwambiaje asije, na mimi ndiye niliyemkaribisha? Yeye ndiye aliyenipokea airport, sina koti wala senti."

"Booking ni ya watu wawili. Utamlaza wapi, kwa kondoo?"

"Tutafute nyumba kubwa. Next time tutakwenda wawili."

Hiyo next time Mardhiya aliijua vizuri. Alikuwa akiahidiwa tangu ujana, na kila ilipokaribia ilipata mgeni. Iliuma, wala hakuficha.

"Shangazi nampenda," alisema. "Lakini n'nataka siku moja tu, mbele ya watu wako, useme kama unanitaka mimi."

Wakafika Barking kila mtu anatazama dirisha lake.

Kesho yake jioni Muhsin alirudi kutoka kazini, akakaa sebuleni na mabuti yake miguuni, akapiga simu na kuiweka spika. Mardhiya alikuwa jikoni, akasikia kila kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, niwie radhi. Jana n'likwambia twende kwa adabu tu." Akaisogelea simu. "N'nataka kwenda na Mardhiya, peke yetu. Nina hamu naye."

Mwiko ukasita chunguni. Katika ukoo ule, mwanamume kumwambia shangazi yake maneno kama hayo ni afadhali avuliwe kanzu msikitini. Mardhiya aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na chini ya haya hizo alifurahi mno.

"Mkeo ananisikia?" Bi Sundus akauliza hatimaye.

Mardhiya akatoka jikoni. "Nakusikia, shangazi."

"Basi msiende kumuaga mtu mwengine. Mtahitaji basi zima." Alicheka, kisha sauti ikashuka. "Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, wallahi. Kila safari yetu gari lilijaa. Na mimi kila safari nilikuwa nangoja amwambie mtu neno hilo kwa ajili yangu. Akafa hajalisema. Nenda, mwanangu."

Mardhiya alikaa karibu na mumewe, akamshika mkono. Wakamuaga shangazi kwa mapenzi makubwa, wakamwombea afya na umri, na hakuna aliyemwambia twende zetu.