Kifuniko cha Chupa ya Jamu

Kinyozi waliyemwita Mkasi alikuwa na mkono mwepesi mpaka baridi yabisi ilipomwingia vidoleni, ikakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Kila asubuhi viungo vilivimba na kukakamaa. Siku moja alinyoa upande mmoja wa kichwa cha mteja, vidole vikagoma, akamwambia huo ndio mtindo mpya. Yule bwana akazunguka nao mjini, na watu wawili wakaja kuuulizia.

Daktari wa kliniki, mama mmoja asiyecheka ovyo, alimwanzishia dawa. Mkasi naye akajiwekea kipimo chake: chupa ya jamu. Asubuhi wote wakiwa mezani, anaikamata, anavuta pumzi kama mbeba vyuma, anazungusha kifuniko. Kikifunguka, dawa inafanya kazi. Kisipofunguka, hasemi na mtu mpaka chai ipoe.

Mara ya kwanza hakikufunguka. Mkewe aliona macho ya mumewe, akageukia dirishani. Kesho yake akawahi jikoni, akakilegeza kidogo. Asichojua ni kwamba mama mkwe wake alikwishapita hapo kwa huruma zake za mama, naye akalegeza. Kifuniko kikabaki kimekaa juu ya chupa kama kofia.

"Mmeona?" Mkasi akakiinua. "Vidole viwili tu!"

"Simba wangu," akasema mama yake, macho kwenye sahani.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mkasi akanenepa kwa sifa.

Alipokwenda kliniki, daktari alimbonyeza kifundo cha kidole, simba akaruka kitini.

"Bado vimevimba," daktari akasema, "na majibu ya damu hayanifurahishi. Dawa hii haikutoshi. Kuna vidonge vipya nataka tujaribu."

"Vya nini, daktari? Mimi nimepona. Chupa nafungua mwenyewe."

"Baba, viungo vikishaharibika havirudi. Huo mkasi utautundika ukutani."

"Miadi ijayo nakuletea ushahidi."

Mkewe hakulala vizuri tangu siku hiyo. Akisema ukweli, anamvunja mumewe moyo. Akinyamaza, mikono inaharibika.

Siku ya miadi walikwenda wote watatu, chupa ikiwa kwenye mkoba mzuri wa mama. Na mama, mwanamke anayejali mkoba wake, aliwaza jamu itamwagika njiani. Akakikaza kifuniko kwa nguvu zote za mtu aliyetwanga tangu utotoni. Nitakilegeza kule kule, akajisemea, kisha akasahau. Mkwe naye alikuwa ameshakilegeza alfajiri, akajua kazi imekwisha.

Mkasi akaiweka chupa mezani kwa daktari, akakunja mikono ya shati. "Angalia vizuri, usije ukasema hukuona."

Akashika. Akazungusha. Akaibana kifuani, akaipeleka mapajani, akaisemesha kwa sauti ya chini. Jasho likamtoka. Kifuniko kimya.

"Leo ina nini hii?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Mkewe akashindwa kuvumilia. "Baba watoto, nisamehe. Nilikuwa nailegeza mimi."

"Wewe?" mama mkwe akashtuka. "Mimi ndiye nalegeza!"

"Mama, naamka kabla ya jogoo!"

"Jogoo mwenyewe mimi ndiye namwamsha!"

"Ngojeni," Mkasi akasema. "Siku zote hizo mimi nilikuwa navua kofia tu?"

Daktari akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Alipogeuka uso ulikuwa wa kazi tena.

Mkasi aliitazama mikono yake. Kisha akainyoosha mezani. "Hivyo vidonge. Nieleze polepole."

"Askari wa mwili wako wamekosea adui, wanapiga viungo vyako mwenyewe. Kuna ujumbe unaowachochea. Kidonge hiki ni kidogo mno, kinaingia mpaka ndani ya seli na kuukatiza ujumbe huo."

"Kinamnyang'anya mchochezi simu."

"Hapo hapo. Lakini askari wakitulia, na maradhi mengine yanaweza kupata mwanya. Kwanza tupime kifua kikuu na ini, halafu damu mara kwa mara. Ukipata homa, njoo mbio. Na siahidi kwamba utapona kabisa."

"Na chupa?"

"Chupa ilale mbali na hawa."

Vipimo vikatoka vizuri, vidonge vikaanza. Chupa ikahamia uvunguni mwa kitanda, upande wa Mkasi. Wiki za mwanzo walikula mkate mtupu, na hakuna aliyethubutu kuguna. Asubuhi moja Mkasi akashika, akazungusha, na kifuniko kikatoa kilio chembamba. Kikazunguka.

Mkewe akageukia dirishani, safari hii akipangusa macho.

"Hukuilegeza usiku?" mama akamuuliza mwanawe kwa upole.

"Mama!" Mkasi akakirudisha kifuniko, akakikaza kwa furaha yote aliyokuwa nayo mwilini, akamsukumia chupa. "Haya, jaribu."

Mama akajaribu, mishipa ikamtoka shingoni. Mke akajaribu na kitambaa. Mwisho Mkasi akawaonyesha jinsi ya kufanya, akashindwa na yeye.

Asubuhi hiyo pia mkate uliliwa mtupu. Mkasi akaenda kufungua duka lake la kunyolea akipiga mluzi.