Radi ya Saa Kumi, Kasubi

Kaka yangu Odur alikuwa polisi, na kwa sisi Waacholi, mwaka ule wa 1972, hilo lilitosha mtu kuuawa na wanajeshi. Wenzake watatu walikuwa wamechukuliwa wakiwa kazini. Yeye alijificha siku nne katika chumba cha mama pale Kasubi, akingoja mvua ya radi.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya maduka, lori la Owuor, Mkenya aliyeuza nguo katika soko la Owino, lilikuwa tayari kumpeleka Busia, mpakani. Kati yetu na lori palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Odur aliwajua: radi ikikaribia, kila mwenye bunduki hukimbilia ndani, maana anaogopa chuma chake mwenyewe.

Saa kumi jioni mbingu ikawa nyeusi upande wa ziwa. Mama akafunika kioo cha kujitazamia kwa kanga, kisije kikavuta radi. Mimi nikakaa dirishani kuhesabu, kama Odur alivyonifundisha: umeme ukimulika, anza, ngurumo ikilia, acha; hesabu ikiwa ndogo, radi iko karibu.

"Kumi na mbili," nikasema. Kisha, "Saba." Kisha, "Tatu!"

Wanajeshi walikimbia, kofia mikononi, wakajibana dukani. Barabara ikabaki tupu.

"Sasa, Acan," Odur akaninong'oneza, akashika komeo.

"Simama!" Mama alimvuta mkono. "Unatoka na sweta nyekundu? Unaiita radi?"

"Mama, radi haiulizi rangi. Wale kule ndio wanaouliza kabila."

"Vua, mwanangu. Nakuomba."

Angeweza kukataa. Akacheka kidogo, akaivua. Sweta ile ninayo hadi leo. Mama akapekua sanduku, akatoa shati la marehemu baba. Vifungo vilikuwa vidogo, Odur akavifunga kimoja kimoja. Umeme ukamulika, nikahesabu hadi sita. Uliofuata, tisa. Mvua ikapungua ghafla, kama zilivyo mvua za huku.

"Odur, radi inakwenda zake. Usitoke."

"Na lori nalo litakwenda zake, dada."

Akatoka. Nilimwona akifika katikati ya barabara. Mwanajeshi mmoja alikuwa ameshatoka dukani, bunduki mkononi.

Ukalia mlio mmoja mkubwa.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kioo, mikono masikioni. "Mungu wangu, hiyo imepiga karibu," akasema. "Umehesabu ngapi?"

Sikuwa nimeanza kuhesabu. Umeme haukuwa umemulika.