Siku Maumivu Yaliposhika Shuka

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake anashika mbili kule, wanalivuta mpaka linyooke, halafu wanasogeleana mpaka mikono ikutane. Mama Mashuka, ndivyo walivyomwita kwenye chumba cha kufulia, aliifanya kazi hiyo na mwenzake kwa miaka kumi na minne. Mwenzake alipostaafu, msimamizi alisema nafasi itajazwa, na mpaka leo anasema hivyohivyo. Basi Mama Mashuka akawa anafunga upande mmoja kwenye komeo la dirisha, anakunja na dirisha. Dirisha lilikuwa na subira kuliko yule mwenzake, ila halikuwa na umbea.

Mgongo ulikuwa unamuuma pale chini, karibu na mkanda wa sketi, tangu mwaka ambao mwanawe wa pekee alihamia mbali. Alijikaza kisabuni. Nyumbani alikuwa na chumba kimoja na viti viwili, na cha pili alikiwekea nguo za kupiga pasi ili kisionekane kitupu.

Alhamisi moja, kwenye shuka la arobaini hivi, maumivu yakatoka. Yalishuka mgongoni bila kuaga, mafupi, mapana ya mabega, yamelowa kidogo. Yakaenda dirishani, yakafungua fundo, yakashika ncha.

"Vuta," yakasema.

Akavuta. Kufika saa tisa walikuwa wamekunja mashuka mia mbili na kumi. Msimamizi alipita, akahesabu marundo, akasema wasiache maji sakafuni. Jioni walirudi nyumbani pamoja, maumivu yakahamisha zile nguo kwenye kiti, yakaketi, wakanywa chai. Mama Mashuka alicheka mara mbili, koo likamkwaruza kwa kutozoea. Asubuhi alipoinama kuvaa viatu, yalikuwa yamesharudi mahali pake.

Miezi miwili baadaye wakaja watafiti, wakapewa chumba mwisho wa korido. Walitafuta wenye maumivu sugu ya mgongo, na atakayeandikwa angepewa barua ya kazi nyepesi. Kazi nyepesi ilikuwa moja tu: kuketi kwenye kaunta ya nguo safi, ambako wauguzi hupita kutwa nzima wakisalimia. Mama Mashuka aliitaka kazi ile mpaka akakosa usingizi. Kiti alikitaka, ndiyo. Lakini alizitaka zaidi zile salamu.

Mtafiti alikuwa binti mpole mwenye mwandiko mzuri. Aliuliza maumivu yanaanzia wapi, yanaishia wapi, yana miaka mingapi. Kila jibu lilipata alama ya vema.

"Na katika miezi sita hii, mama, yamewahi kukatika hata siku moja?"

Angesema hapana, mambo yangekwisha. Lakini tangu Alhamisi ile hakuna mtu aliyemuuliza habari za siku yake, na yeye alikuwa na hamu ya kuisimulia. Akasimulia yote, lile fundo, ile "vuta", mpaka chai. Mtafiti alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza tarehe.

"Kwa hiyo siku hiyo hayakuwa mgongoni."

"Hayakuwa. Yalikuwa kazini."

"Pole, mama. Mwongozo unasema sugu ni yale yanayokaa kati ya mbavu za mwisho na makalio, miezi sita bila kukatika. Ya kwako yalitoka nje ya eneo." Akageuza karatasi. "Kuna swali la mwisho, halina alama. Wewe mwenyewe ungeyaelezaje?"

"Mwanangu, kijiko kikianguka, kwanza najiuliza kama kweli nakihitaji. Dada yangu alikuwa ananialika kwake. Makochi yake ni ya chini, nikikaa siinuki, nikawa nakataa. Sasa hanialiki."

Mtafiti akaandika "kijiko", akaandika "makochi", na nafasi ikaisha. Alimsindikiza mpaka mlangoni na kumfungulia, maana aliona anavyotembea.

Barua ilikuja baada ya wiki. Ilisema mgongo wa mhusika hauna maumivu sugu na anafaa kwa kazi zote. Msimamizi aliisoma mara mbili, akafurahi kwa dhati, akaifuta ile nafasi ya mtu wa pili. Akabandika ukutani kiwango kipya cha siku: mashuka mia mbili na kumi.

Jioni Mama Mashuka aliondoa nguo kwenye kiti, akatenga vikombe viwili, akaisoma barua kwa sauti. Alingoja mpaka chai ikapoa. Maumivu yalikaa palepale mgongoni, na tangu siku hiyo hayakutoka tena, si kazini, si nyumbani, si kwa saa moja. Alizihesabu siku kwenye kalenda ya chumba cha kufulia. Miezi sita ilipotimia bila kukatika, alijifuta mikono akaenda mwisho wa korido kuwaambia. Watafiti walikuwa wameondoka zamani, na chumba chao kilikuwa kimejazwa mashuka machafu.