Ndewe za Lerionka

Elirehema hakuwa mwoga wa mashine. Alichoogopa ni masikio ya mtu mwingine, na hofu ya namna hiyo haiuzwi dawa yake duka lolote.

Mwaka ule wa hamsini na nne, mwenye gereji alimokuwa akifanya kazi, pale Arusha mjini, aliletewa kutoka Nairobi mashine mbili za umeme za kung'arishia rangi ya magari. Moja ingebaki, nyingine ingerudishwa Jumamosi, na mchaguaji alikuwa Elirehema, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mafundi. Usimamizi wenyewe ulikuwa na miezi miwili tu, lakini alikwisha kuununulia tai nyekundu. Aliivaa kila siku ya kazi, ncha yake ameichomeka ndani ya shati isiguse mafuta. Mkewe Tabitha alimwambia kwamba hata mchungaji huipumzisha shingo yake Jumatatu. Hakusikia.

Alizijaribu mashine zote mbili kwenye madigadi kuukuu. Ile ndogo ilikuwa nyepesi na yenye mbio. Kabla hajahesabu kumi ilikwisha kuila rangi ya pembeni na kufika kwenye bati. Ile kubwa ilizunguka taratibu na haikuunguza kitu, ila ilikuwa nzito kama mkungu wa ndizi, na bega lake bovu likaikataa. Uchaguzi ulikuwa rahisi. Mtu wa kuishika hiyo kubwa ndiye aliyemkosesha raha, maana aliyeiweza alikuwa mmoja tu: Lerionka, Mwarusha wa Olmotonyi, mwenye mikono ya kunyanyulia injini.

Ndewe za Lerionka, zile nyama laini za chini ya masikio, zilitogwa tangu utotoni na kurefushwa hata zikakaribia mabega. Akiwa kazini alizikunja, kila moja akaipitisha juu ya sikio lake, ikatulia hapo. Lakini Elirehema aliona mbele zaidi. Aliona jasho, ndewe inateleza, inaning'inia, na lile gurudumu la manyoya ya kondoo linalozunguka mbele ya mashine linaidaka. Mawazo yake yaliishia hapo, kisha yakaanza tena mwanzo. Chakula kilimshinda, na Tabitha akadhani ni malaria.

Kwa siku tatu alimfundisha. Gari lioshwe kwanza, kwa sababu vumbi la huku likibaki chini ya manyoya litaikwaruza rangi. Waya upite juu ya bega, usiburuzike mbele ya mashine. Manyoya yaguse rangi kwanza, ndipo swichi ibonyezwe, na jambo lolote likitokea izimwe kwanza. Usisimame mahali pamoja, na kwenye kingo pita kwa mkono mwepesi. Kila alipomaliza kanuni moja aliuliza, na masikio je? Lerionka akajibu kwamba ameyakunja. Aliambiwa ajifunge kitambaa kichwani, akasema haumwi kichwa.

Alhamisi Elirehema akavuka mpaka. Alimwambia kwamba hospitali wanazikata ndewe na kuzishona, na kwamba Wakristo wengi wamekwisha kufanya hivyo, tena hawakufa.

Lerionka akaweka chini kitambaa chake cha kufutia magari. "Baba Hanna," alisema, "wewe umezaliwa Maji ya Chai. Maji ya kwenu yameyatia meno yako rangi. Nimewahi kukuambia ukang'olewe?"

Elirehema akaufumba mdomo wake na meno yake ya rangi ya chai. Aliona aibu kwelikweli, lakini aibu ile haikupunguza hofu hata kidogo. Usiku aliota sikio likiwa peke yake, bila kichwa.

Ijumaa asubuhi waliingiza gari jeusi la mkulima mmoja wa kahawa wa Tengeru. Lerionka aliliosha, akalikausha, akapaka polishi, akapitisha waya begani, akalaza manyoya juu ya boneti na kubonyeza swichi. Mashine ikanguruma. Aliisukuma polepole, kwenda na kurudi, na nyuma yake rangi ikafunguka nyeusi hata paa la gereji likaonekana ndani yake. Kazi ilikuwa nzuri, na mtu mwingine angeifurahia. Elirehema hakuitazama boneti hata mara moja. Alitazama sikio la kushoto.

Jasho lilianza kwenye kipaji, likashuka. Ndewe ikasogea kidogo, ikasita, kisha ikateleza na kuning'inia. Lerionka aliihisi, akaanza kunyanyuka ili azime mashine kwanza, kama alivyofundishwa. Lakini mwalimu wake hakusubiri. Elirehema alijitupa juu ya boneti, mkono mbele, ailinde ndewe ya mwenzake. Ncha ya tai ikachomoka ndani ya shati.

Manyoya yaliidaka mara moja. Shingo ikavutwa chini, shavu likapiga bati, na Elirehema akaliona jicho lake mwenyewe likimtazama kwa karibu ndani ya rangi nyeusi. Hewa haikupita. Alijua kwamba anakufa, na kwamba mwanawe Hanna atabaki bila baba kwa sababu ya tai.

Kisha kelele ikakoma. Lerionka alikuwa ameachia swichi na kuing'oa plagi ukutani. Alichomoa kisu, akapitisha vidole viwili kati ya tai na koo, akakata. Elirehema alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Lerionka alingoja amalize. Akaishika ndewe yake ya kushoto, akaikunja bila haraka na kuirudisha juu ya sikio.

"Yangu naikunja," alisema. "Hiyo yako ungeikunjia wapi?"

Mwenye gereji aliingia wakati huohuo kuuliza ni mashine gani ibaki, akamkuta msimamizi wake ana kipande cha tai nyekundu shingoni, urefu wa kidole. Elirehema akamwambia airudishe ile ndogo, na hii kubwa ibaki mikononi mwa Lerionka. Akafungua kifundo, akakitundika kile kipande kwenye msumari wa mlangoni. Kilikaa pale miaka, na kila fundi mgeni alipoingia, Elirehema alimkagua shingo kabla hajamkagua kitu kingine.