Chumba Walichokiona Wote

Fundi cherehani aliolewa kwenye nyumba ambayo hata ukipiga chafya unaulizwa kulikoni. Mama mkwe, mawifi watatu, watoto utitiri. Na mumewe, dereva wa malori, huonekana siku mbili kwa mwezi. Wiki ya tatu sasa alikuwa akiwinda chumba cha kupanga kwenye soko la simuni, kimya kimya. Alitaka mlango wa kufunga, basi. Ilibidi akipate kabla hawajajua, maana wakijua wataitisha kikao, na kikao cha nyumba ile hakijawahi kumwachia mtu.

Alichosahau ni kwamba simu zote za mle ndani aliziunganisha na soko hilo yeye. Kila aliyenunua simu alimletea, "Wifi, niwekee na mimi lile soko," na soko lilipouliza mtu wako wa karibu ni nani, aliandika namba yake mwenyewe, yaishe. Basi soko likamfanya yeye kipimo chao: akipenda kitu huyu, na hawa watakipenda, waletewe.

Jumamosi mchana wifi mdogo akauliza, "Jamani, mbona mimi naletewa vyumba?"

"Hata mimi," akasema mkubwa. "Eti mtu wako wa karibu amekitazama mara kumi na moja. Kina dirisha la bluu."

Mguu wa fundi ukaganda kwenye cherehani. Akaivuta simu chini ya kitambaa, akatafuta mabeseni, magodoro, ndoo, chochote cha kukifunika kile chumba. Haikupita dakika, simu za watu zikaanza kulia moja baada ya nyingine: beseni, godoro, ndoo.

"Huyu mtu anahama," wifi wa kati akacheka. "Mpaka ndoo anatafuta."

Wote wakamgeukia aliyewawekea soko. Mama mkwe akavaa miwani, akaomba aoneshwe, akakitazama chumba muda mrefu.

"Mwanangu, ulikuwa unatuficha nini? Kizuri. Kina hewa. Mimi nitalala upande wa dirisha."

"Mama, ni chumba kimoja."

"Kwani tutajaa? Tutakuwa tunapokezana."

"Mwenye nyumba nimeshampigia," akasema wifi mkubwa. "Kesho twende tukakione. Nimemwambia tuko sita, bila watoto."

Wifi mdogo akaja akamkumbatia fundi kwa nyuma, akambana mikono yote miwili. "Ulidhani tungekuacha ukakae peke yako, wifi?"