Kumbi Chini ya Pipa

Kumbi kavu la nazi limelala kwenye mteremko wa kichochoro, mbele ya mlango wako, na jikoni moto unazimika; nani angeliacha? Mwanamkisi hakuliacha. Mwaka huo wa hamsini na nne kuni zilikuwa adimu Mkomani, basi akalichomoa kumbi chini ya pipa la mafuta ya taa, akageuka kwenda zake.

Hakufika mlangoni. Nyuma yake pipa lilianza kuteremka.

Kumbe Barka hamali alikuwa amelizuia kwa lile kumbi, akarudi pwani kuleta pipa la pili. Sasa alikuwa huko chini akilipandisha, nalo limejaa vilevile. Na nyuma yake, masikini, alikuwa Bi Hindu, mamake Mwanamkisi, asiyeona, akipapasa ukuta kurudi nyumbani.

Mwanamkisi akageuka, kumbi mkononi.

Barka angeweza kuruka kando, na wallahi asingelaumiwa. Lakini alikuwa bingwa wa gololi tangu utotoni, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye. Gololi iliyotulia ikigongwa sawasawa na mwenzake wa uzito uleule, iliyogonga husimama, na iliyogongwa huondoka na mbio zote. Pipa lake likikaa kungoja, ndilo litakalomvaa Bi Hindu. Dawa ni kulipeleka likutane na mwenzake, mbio kwa mbio.

"Simile! Pisha njia!" Akalisukuma juu, mishipa imemtoka shingoni, akaliachia na kujibana ukutani.

Pu! Mapipa yakagongana, yakasimama palepale, matumbo yamebonyea. Barka akayawahi kwa bega kabla hayajaanza kuteremka tena.

"Kumbi, Bi! Lete hilo kumbi!"

Mwanamkisi akakimbia, akalisokomeza chini ya pipa la Barka.

"Mbona mwanivunda masikio?" akauliza Bi Hindu, hatua tatu tu kutoka hapo.

Watu wakajaa. Bwana Mahdi, mwenye mafuta, akamshukia Barka: mzembe, mpumbavu, asiguse tena mzigo wake! Barka alikuwa amemwona Mwanamkisi na kumbi mkononi. Alihema tu, akatazama chini, hakumtaja mtu.

Mwanamkisi angeweza kunyamaza naye. Aibu ilimchoma, lakini mama yake alikuwa hapo, mzima, akinung'unika.

"Bwana Mahdi, muache. Ni mimi niloondoa kumbi." Kisha akamgeukia Barka, machozi yanamtoka mbele za watu. "Ahsante, Barka. Ahsante sana. Umenirudishia mamangu, na mimi nilikuwa nimemuua kwa ajili ya chungu cha wali."

Bwana Mahdi akajikohoza, akasema mapipa hayajavuja, basi yaishe.

Tangu siku hiyo pana pakacha la makumbi mlangoni kwa Mwanamkisi, kwa mahamali wote. Na Bi Hindu akisikia "Simile!" hunyoosha mkono nje na kumbi.

"Barka, ni wewe? Shika hili, baba, kabla mwanangu hajalipikia."